Dhahabu ya Plastiki Katika Bwawa la Bustani

Mheshimiwa Musitanteri, mkuu wa komuni yetu, viongozi wa dini zetu, wakubwa wa mitaa, Ndugu wageni waalikwa kutoka Minago na Kigwena, nanyi maarusi mliokuja na nguo nyeupe mkisubiri tu lango lifunguliwe: amahoro, amani iwe kwenu!

Mimi Tahiri, mwenyekiti wa kamati ya bustani hii, nimepewa nafasi fupi, nami nitaitumia kuwasimulia kwa nini bwawa hili lilifungwa na nani amefanya lifunguliwe.

Nani kati yetu hakupiga picha ya arusi hapa? Maarusi walisimama ukingoni, ndugu wakawamwagia vile vinyota vya plastiki vinavyong'aa kama dhahabu, ambavyo vilitoka dukani kwa mpambaji wetu, Mama Kulthumu. Mwaka jana Mwalimu Chanceline, anayefundisha biolojia, alichota maji haya na kupasua samaki wadogo. Akatuambia bila kuzunguka: plastiki imesagika hadi jicho haliioni, samaki wanaimeza, na mfereji unaipeleka ziwani, kwa ndagala wetu, wale samaki wadogo tunaowala kila siku. Kamati ikafunga bwawa na kupiga marufuku arusi.

Mama Kulthumu alikuja mkutanoni amewaka. "Munataka kunikatia kazi? Plastiki iko kila mahali, hata chupa zenu hizo ziko mezani! Mbona munaniona mimi peke yangu?"

Chupa zilikuwepo kweli. Naibu wangu, Bwana Sylvestre, akaanza kuisukuma yake chini ya meza polepole.

Mwalimu hakubishana. "Mama, haki iko kwako. Lakini njoo uangalie kitu kimoja." Akamkalisha mbele ya hadubini aliyokuja nayo kutoka shuleni. Mama akainama, akaweka jicho. Ndani ya tumbo la samaki mdogo kuliko kidole iling'aa nyota ya dhahabu.

"Hii ni yangu," akasema taratibu. "Ni mimi niliiuza."

Wiki iliyofuata alirudi na kapu la maua makavu ya bugenvilia na majani ya muchikichi yaliyokatwa membamba, akaomba arusi moja ya majaribio. "Ikichafua maji, mufunge tena." Siku hiyo upepo wa ziwani uligeuza maua yote yakamwangukia mama mkwe, alicheka hadi kilemba kikamtoka, na picha iliyopigwa pale ndiyo imemletea Mama Kulthumu wateja mpaka kutoka Gitaza!

Tusidanganyane: maji hayajapona. Plastiki iliyozama matopeni itakaa huko miaka mingi. Lakini inayoingia imepungua, mfereji umewekewa wavu, na Mama Kulthumu anawafundisha wapambaji wengine kazi yake mpya, hata wale wanaomnyang'anya wateja. Ni wangapi kati yetu wangefanya hivyo?

Mheshimiwa Musitanteri, mkasi wa utepe uliandaliwa kwa ajili yako, lakini asubuhi uliniambia, "Mupe anayestahili." Mama Kulthumu, inuka, mkasi huu hapa.

Asanteni nyote kwa kunitegea sikio, murakoze cane. Na sasa, akina mama, vigelegele!