Pola wa Ilagala

Katika boti ya kwenda Ilagala, mzee aliyekaa mbele yangu alimuuliza bibi aliyempakata mtoto wa miezi minne, "Mjukuu anaitwa nani?"

"Pola."

"Pola? Kwani bibi zake hawakuwa na majina?"

Bibi akamwonyesha binti aliyekaa ubavuni pake. "Mama yake ni huyu, Leonida. Hasikii tangu alipozaliwa. Kila tukitazama filamu, alikuwa akituvuta nguo tumweleze. Siku moja kaka yake akaleta ya kizamani, zile zisizo na sauti. Sote tukabaki tunakodoa macho. Leonida ndiye aliyetueleza kwa mikono, nani anapenda na nani anadanganya. Mwigizaji mkuu wa filamu ile aliitwa Pola."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kumfikia hadi nahodha.

"Lakini jina la ukoo, mama…"

"Ukoo nao utajifunza."

Boti ikagusa mchanga. Mzee akavua viatu, akateremka majini huku bado anabisha. Leonida alimpokea mwanawe, akamgusa shavuni mara mbili kwa kidole, ndivyo anavyomwita, na Pola akageuka kumtazama.