Amina ya Nzembi

Mheshimiwa chifu, Mchungaji Nelima, wazee wa kanisa, wageni wetu wa mtaa wa Kawangware 46 mliotuletea haya mabati mapya, na nyinyi wa magorofa ya Nyayo Highrise mlioacha viti laini mkaja kukalia benchi zetu hapa Kibera: Bwana asifiwe.

Asanteni. Mimi ni Shivachi, bawabu wa hii kanisa. Shule niliacha darasa la pili, lakini kwa kazi ya mlango wa Mungu, nionyesheni mtu wa kunishinda. Mafuriko yalipobeba kanisa yote, mlango wangu ulibaki umesimama, umefungwa vizuri, bila ukuta hata mmoja.

Maji hayo yalienda na Nzembi, muuza maharagwe, mke wa Mutuku fundi viatu. Sikio la Nzembi lilikuwa zito. Sisi wote tukishamaliza kusema Amina, yeye ndiyo anaingia, peke yake, na kasauti kembamba. Vijana walimchekanga: "Mathe, netiwaki imepotea?" Naye: "Yangu huchelewa, lakini inafika."

Mwili hatujapata. Habari hatujapata. Mutuku akaapa hakanyagi hapa tena. Aliniambia, "Mzee Shivachi, nikimlilia nimemuua. Nikimngoja nimekuwa mwendawazimu. Huyo Mungu wako anataka nifanye nini?"

Sasa sikieni. Jumapili iliyofuata tuliabudu kwa matope, hakuna paa. Mchungaji akasema Bwana asifiwe, tukajibu, tukanyamaza. Halafu ikatoka upande wa mto: Amina. Nyembamba. Imechelewa.

Tangu hapo haijawahi kukosa. Boaz wa vinanda anasema ni mwangwi. Mwangwi gani, na ukuta haukuwako? Wengine wamehama kanisa kwa woga. Wazee walitaka tuache hiyo salamu kabisa, nikakataa. Niliwaambia anayeitikia jina la Bwana hafungiwi nje na Shivachi, awe amesimama ng'ambo gani ya maji. Kwani si tunaamini wafu watafufuka? Ama tunaamini tu mchana, tukiwa wengi?

Kama Nzembi yuko hai, sijui. Na mnajua vile mimi kusema sijui ni shida. Lakini kama anaishi, bado anaitikia, na kama alikufa, bado anaitikia. Hilo ndilo tumaini niko nalo. Lingine sina.

Mutuku, nimekuona hapo mlangoni, mguu mmoja ndani. Leo usijibu pamoja na sisi. Ngoja tumalize, uingie nyuma, vile yeye alikuwa anafanya.

Ndugu zangu, Bwana asifiwe.

Nyamazeni kidogo.

Huyo ni Mutuku. Asante, ndugu yangu. Ingia, keti.

Na huyo aliyeitikia nyuma yako, wewe umemjua kuliko sisi, kwa hivyo simtaji. Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza, mlioketi humu na aliyesimama kule nje. Mlango leo siufungi.