Breki za Kuteremkia Bussalp

Basi la kupanda mlimani Bussalp lilijaa baiskeli za mbao zisizo na magurudumu, kila moja na vibao viwili vya kutelezea. Verena alijifanya anatazama theluji dirishani, kumbe masikio yote yalikuwa kiti cha mbele.

"Bibi, hii inaendeshwaje?" kijana wa mjini alimwuliza ajuza aliyeketi naye. "Baba wa mchumba wangu ananisubiri bondeni. Kasema nikifika kwa miguu, hana binti wa kuniozesha."

"Kalia, shika usukani, teremka. Tarishi wetu alipeleka barua hivyo hivyo."

"Mbona haina pedeli?"

"Kazi hiyo inafanywa na mlima, mwanangu."

"Na breki?"

"Umezivaa. Ukitaka kusimama, unakita visigino kwenye theluji."

Kijana akainama kutazama miguu yake. Verena naye akachungulia, maana umbeya haujui staha. Viatu vilikuwa vya ngozi, vipya, vya kumpendezea mkwe, soli laini kama sahani.

Bibi alivitazama kwa muda.

"Una simu?" akauliza. "Mpigie mkwe, mwambie asisimame katikati ya njia."

Basi likasimama.