Babu Saba wa Mzee Samdan

Ndugu waombolezaji, mimi Bolatkhan, mwanawe wa kwanza, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba yetu, Mzee Samdan, Mkazakhi mwenye jina la Kituva, nanyi mtanivumilia, maana machozi nimeyakataza lakini hayasikii.

Siku aliyozaliwa haijulikani, ila tarehe 11 Februari 1945, hapa wilayani kwetu Tsengel, baada ya dhoruba ya theluji iliyomaliza mifugo na watu, mchungaji wa Kituva, kabila la jirani zetu, aitwaye Dorju alimkuta angali mchanga ndani ya hema la Wakazakhi, wazazi wote wawili wamekwisha kufa kwa baridi, akamfungia ndani ya koti lake la ngozi, akamlea pamoja na wanawe.

Alisoma shule ya hapahapa tangu 1953 hadi 1961, nyumbani akisema Kituva na uwanjani Kikazakhi, lugha za shina moja, hata hakukumbuka ipi ilitangulia, na mwaka 1963 aliajiriwa na ushirika wa wafugaji kuendesha lori la sufu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu.

Mwaka 1968 alimpenda mama yetu, Kulpash binti Zhumakan, na hapo ndipo lilipozuka balaa, kwani kwetu Wakazakhi kijana hutaja babu zake saba, kizazi juu ya kizazi upande wa baba, ndipo apewe mke, asije akaoa damu yake, naye baba hakuwa na hata mmoja wa kumtaja. Babu Zhumakan alimkatalia kavukavu, "Mwanangu, nani ajuaye? Huenda ni dada yako huyu!" Mzee Dorju alipopata habari akapanda farasi, akaja, akasema, "Kama hana babu, nampa wangu saba." Zhumakan akacheka, "Ala! Siku hizi babu huazimwa kama tandiko?" Dorju akamjibu, "Simwazimi, bwana wee, nampa," akawataja wote saba palepale, watu waliotambikia milima na Makka hawakuijua, na Zhumakan, mbishi kama nini, akaagiza kondoo achinjwe.

Ndoa ilifungwa tarehe 14 Septemba 1968, wakajaliwa watoto watano, na sote tulikaririshwa babu wale wa Kituva.

Oktoba 2017 baba alianza kuugua mapafu, akalazwa mjini Ölgii, na huko akafuatwa na Mzee Sautkan, kutoka wilaya ya jirani, aliyesema wao ni watoto wa ndugu, na kwamba babu saba wa damu wa baba yetu anawajua. Mama aliganda na bakuli la chai mkononi, maana jina moja tu likiwa la ukoo wake, ndoa ya karibu miaka hamsini ingegeuka mwiko, na sisi watoto tungeitwaje? Baba akasema, "Ndugu yangu, karibu chai, ila wazee hao usiwataje." Mama akamuuliza, "Hutaki kumjua hata baba yako?" Akajibu, "Nataka mno, mama watoto, ndiyo maana namnyamazisha mapema."

Alifariki tarehe 6 Mei 2018, bila kulijua jina la baba aliyemzaa, na jambo hilo linaniuma, siwafichi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, madereva wenzake, na ndugu zake wa Kituva waliokuja kwa farasi, na tunamshukuru Mzee Sautkan, aliyeketi pale karibu na mama, ambaye majina yote saba anayo, na tangu jana amelia nasi bila kulitaja hata moja.

Pumzika kwa amani, baba, mama bado ni mkeo.