Uongo Kutoka Dirishani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Leo tunamkumbuka mtembezaji wa wageni katika mji wetu mkongwe, yule tuliyemwita Kinyumenyume. Alitembea kinyumenyume ili wageni wauone uso wake, na hakuna muuza machungwa kisiwani ambaye hajawahi kukanyagiwa mali yake.

"Alijisifu ana macho kisogoni," anasema mkewe. "Basi hayo macho hayakuona mabeseni."

Mtembezaji alizaliwa hapahapa bandarini, mama wa kuja, baba wa kuja. Aliwaambia wageni kwamba mji huu kila mtu kaletwa na chombo, hata paka. Aliwapitisha msikitini, kanisani, hekaluni, kwa waoka mikate, kisha akawasimamisha mbele ya nyumba ndefu ya mawe isiyo na dirisha hata moja la kutazama bahari.

"Nyumba hii," alikuwa akisema, "ilijengwa na nahodha mstaafu. Alikuwa ameichoka bahari."

"Uongo!" Sauti ilitoka dirisha la juu, upande wa barabara. Ni fundi cherehani anayekaa humo, tepu ya kupimia shingoni. "Kaijenga babu yangu, mwashi. Mbao za madirisha zilimwishia!"

Narudia: mtembezaji alisema nahodha, fundi akasema babu yake. Nani mkweli? Mimi sijui, na tafadhali msinipigie simu. Ilikuwa hivyo miaka nenda, miaka rudi. Wageni walidhani ni sehemu ya matembezi, wakampigia fundi makofi, na makofi hayo yalizidi kumpandisha hasira. Kwake haukuwa mzaha. Babu yake hakuacha picha, wala kaburi linalojulikana. Aliacha nyumba tu, na kila asubuhi mtu anakuja kumpa nahodha.

"Nilimsihi mume wangu amtaje huyo babu japo mara moja," anasema mkewe. "Akaniambia, 'Mama watoto, nikimtaja, yule atafunga dirisha. Nitabishana na nani?'"

Mwezi uliopita mtembezaji aliugua, akatutoka. Msiba haujaisha, wageni wasio na habari wakabisha hodi kwake, kofia kichwani, tayari kwa matembezi. Fundi cherehani, aliyekuwa amekaa na waombolezaji, akainuka.

"Nifuateni," akasema.

Mjane akawafuata kwa nyuma. Anasema fundi alijaribu kwenda kinyumenyume, akakalia beseni la machungwa. Wakafika kwenye ile nyumba. Sasa, wasikilizaji wapendwa, uwanja ulikuwa wake peke yake, na hakuna wa kumbishia. Fundi akakohoa.

"Nyumba hii ilijengwa na nahodha mstaafu. Alikuwa ameichoka bahari."

Kisha akainua uso, akalitazama dirisha lake mwenyewe. Akangoja. Wageni nao wakatazama juu, bila kujua wanangoja nini.

"Uongo," akasema fundi polepole, akafuta macho kwa ncha ya tepu.

Kwa mjane, kwa watoto, na kwa fundi cherehani, ambaye nasi tunamhesabu kuwa mfiwa, poleni sana. Sisi tuliobaki tujiulize: yule anayetupinga kila siku, mara ya mwisho tulimjulia hali lini?

Fundi bado anawatembeza wageni, na bado anamtaja nahodha. Ufunguo wa chumba chake cha juu kampa mjane.

"Mimi kazi yangu ni kufungua dirisha tu," anasema mama huyu. "Na sauti ninayo."