Bi Sumaku na Saa Elfu Nne na Mia Moja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini, Mhandisi Mkuu wa Karakana ya Pampu atakabidhi ufunguo, atavua koti lake la bluu na kustaafu. Kwenye mafaili ana jina refu lenye vyeo. Sisi tunamwita Bi Sumaku, naye huitika. Mhariri wa jarida hili alitaka wasifu uandikwe na msomi. Wasomi wote wakawa na udhuru, kazi ikaniangukia mimi, fundi wa kuchomelea. Mnivumilie basi, na atakayeona kasoro za uandishi aje karakana tuchomelee pamoja, tuone nani atacheka.

Kwa ndugu zetu wa ghorofa ya juu, mnaopita mlangoni petu mmeziba masikio, nieleze kazi yenyewe. Kinu kidogo cha nyuklia cha aina tunayohudumia hupozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka, metali inayotiririka kama maji lakini haipikiki chungu kimoja na maji: vikikutana ni moto. Pampu ya kawaida ina mhimili unaozunguka, na penye mhimili hapakosi siku ya kuvuja. Pampu ya Bi Sumaku haina kinachozunguka. Ni bomba jembamba lililovishwa koili, yaani mizunguko ya waya. Umeme ukipita kwenye koili, nguvu ya sumaku huisukuma metali ndani ya bomba bila chochote kuigusa. Tatizo ni kwamba pampu za namna hiyo zilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, na kinu kidogo kina nafasi ya mtungi wa gesi ya jikoni. Aliambiwa haiwezekani. Akalishikia bango.

Pampu tisa za kwanza ziliungua. Kila iliyokufa aliipanga kwenye rafu ya ofisini kwake na kuifungia kikaratasi cha sababu ya kifo: joto, haraka, ubishi. Hicho cha ubishi kinamhusu mwenyewe, aliandika bila kulazimishwa. Siku moja, mbele ya wageni wazito, nyaya mbili ziliunganishwa kinyume na metali ikaanza kurudi ilikotoka. Sisi tukaangalia viatu vyetu. Yeye akawaambia wageni kwamba pampu hii, pamoja na udogo wake, ina hadi gia ya rivasi. Wakacheka, tukapona. Saa tatu za mkononi alizopewa na mumewe zilisimama zote kwa sababu ya sumaku zetu. Ya nne shemeji yetu akaitundika jikoni, akasema hiyo ataiona siku akiamua kurudi nyumbani.

Mkali? Weee! Sodiamu ikipoa huganda bombani, na kuiyeyusha kuna adabu yake, maana ikiyeyuka hutanuka. Huwashi hita za katikati kwanza. Unaanza upande wa tangi, penye nafasi, unalifuata bomba hita moja baada ya nyingine, kipimajoto mkononi, saa sita nzima. Alitufundisha kwamba anayeamka lazima apate pa kujinyoosha. Ukimbana atapasua kitanda. Mhandisi mmoja mwenye shahada mbili aliwahi kuruka hatua, akaporomoshewa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mpaka leo akifika kwenye hita karibu apige hodi.

Mwaka jana kamati ya mradi ilitoa sharti la mwisho: pampu ya kumi isukume metali saa elfu tano mfululizo bila kuzimwa. Ikishindwa, karakana inafungwa na sisi kumi na wawili tunatawanywa idara nyingine. Tuliiwasha Septemba. Kwa hesabu zetu ingemaliza katikati ya Aprili, na Bi Sumaku angeondoka Juni akiwa ameuona ushindi kwa macho yake.

Machi, pampu ikiwa na saa 4,100, aligundua koili ya tisa imewazidi wenzake joto kwa nyuzi tatu. Kanuni zinaruhusu kumi. Hakuna mwingine aliyeliona hilo, na zilibaki siku thelathini na nane tu. Tulimsihi aiache. Mimi nilimsihi kuliko wote, na sababu ilikuwa yangu. Alituuliza kama tungependa zaidi kuijua maana ya nyuzi hizo tatu pampu ikiwa ndani ya kinu chenye moto, watu wakiishi jirani. Akaizima kwa mkono wake mwenyewe, saa nne asubuhi. Hesabu ikarudi sifuri.

Sasa niseme jambo ambalo halikuandikwa popote. Nilipolichomelea bomba la pampu hiyo ya kumi, lilikataa kuingia kwenye koili kwa unene wa unywele. Nilipaswa kulirudisha kwake. Badala yake nilichukua tupa, nikaukwangua mshono mpaka likateleza, nikafunga mdomo. Pale nilipokwangua, ukuta wa bomba ulibaki mwembamba; kwa joto ukatuna, ukaigusa koili ya tisa. Baada ya muda ungepasuka. Tulipoifungua pampu na kuuona ule uvimbe, nikamweleza yote. Aliligeuza bomba mikononi, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba halikuingia.

Mbele ya kamati hakunitaja. Alisema mchoro ni wake, na nafasi aliyoiacha ilikuwa finyu mno kwa mkono wa binadamu. Akaomba aruhusiwe kujaribu mara moja tu. Walimkalia kooni saa tatu, hakutikisika, wakampa. Akachora upya, akaongeza nusu milimita, nami nikachomelea bomba jipya. Liliingia lenyewe. Tarehe 21 Aprili tukaiwasha.

Orodha ya mafanikio yake ni ndefu: mafundi ishirini na sita aliowafunza, hataza mbili, na pampu ambayo watu wawili wanaibeba mlangoni bila kugeuka ubavu. Lakini saa elfu tano zitatimia katikati ya Novemba, yeye akiwa nyumbani. Uongozi ulimwomba abaki kwa mkataba ashuhudie. Alikataa, akasema pampu inayomhitaji mchoraji wake asimame kando yake, hiyo bado haijaisha kutengenezwa. Ni kweli, lakini iliniuma. Kwa sababu ya tupa yangu, mama huyu anaondoka kabla ya kuuona mwisho wa kazi ya maisha yake. Naliandika hapa ili lisomwe na wote, kamati ikiwemo.

Bi Sumaku, tunakushukuru kwa ukali, kwa vicheko na kwa kutotuacha tudanganye hata vipimajoto. Tunakutakia afya njema, nyumba yenye furaha na asubuhi nyingi zisizo na haraka. Ninapoandika haya pampu iko saa ya 1,512, na koili zote zina joto moja. Ikitimiza elfu tano, utapigiwa simu na karakana nzima. Ikisimama kabla, nitakupigia mimi, siku hiyohiyo, kabla hujaniuliza.