Udongo wa Makopo ya Dada

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza dada yetu, haya ndiyo maisha yake kwa ufupi. Kabla sijaanza, niseme tu kwamba kwenye karatasi mlizogawiwa mlangoni kuna sentensi moja ya uongo. Nilipoiandika juzi ilikuwa kweli. Tutafika hapo, nami nitaona aibu mbele yenu, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mimi ndiye kitindamimba. Mama akiwa kazini, dada ndiye aliyenibeba mgongoni, na husemwa kwamba nilikuwa mzito na mbishi. Uzito ulipungua.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli. Akiwa darasa la tano, mwalimu wa hesabu alishangaa kuona wanafunzi wanapeana zamu ya kuchungulia dawati moja. Ndani alikuta haragwe limelazwa kwenye pamba yenye maji, limeshatoa mzizi. Dada alipewa adhabu ya kufagia uwanja wote. Alifagia, akarudi, akaomba ruhusa ya kulibadilishia maji haragwe lake. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu ushonaji mwaka 1971.

Kazi yake maisha yote ilikuwa kushona sare za shule, katika chumba cha mbele kinachotazama barabara. Kama kuna mtu hapa aliyevaa kaptula iliyopindwa mara mbili ili idumu mpaka mwaka ujao, basi amepita mikononi mwake.

Mwaka 1976 aliolewa na shemeji yetu, fundi bomba, aliyetutoka mwaka 2009 na ambaye dada leo atalala kando yake. Siku shemeji alipokuja kujitambulisha, alikaribishwa kwenye benchi ambalo dada alikuwa ameanikia mbegu za nyanya. Aliposimama kumsalimia baba, zikasimama naye. Dada alimwambia mbele ya wazee, "Samahani kaka, hutoki hapa na mbegu zangu," akaanza kuzibandua moja moja kwenye suruali ya watu. Baba alicheka mpaka akakohoa. Posa ilipita bila maneno mengi.

Sasa nifike kwenye makopo, maana ndiyo yaliyompa jina la Mama Makopo. Watoto waliokuja kupimwa sare walikuwa wakikuta kwenye dirisha lake miche midogo, wanauliza, naye anamjazia kila mmoja kopo la udongo. Kwa kuwa wengine walikuwa hawajajua kusoma, alifunga kila kopo kipande cha kitambaa, na mtoto akalijua lake kwa kitambaa hicho. Kila siku baada ya shule walikuja na chupa za maji. Walikatazwa kuchimbua kuangalia kama mbegu imeamka, na wote walichimbua. Binti yake anasema furaha kubwa ya mama yake ilikuwa asubuhi haragwe linapoinuka na ganda lake bado liko kichwani, kama mtoto aliyevaa kofia ya baba yake. Alikuwa anaacha cherehani na kwenda getini kumngoja mwenye kopo, ili amwone usoni akiliona. Nasema "binti yake anasema" kwa sababu mimi sikuwahi kuona. Nilikuwa nakuja mara moja kwa mwaka, nakaa sebuleni, nakunywa chai, naangalia saa.

Mwaka jana alianza kusumbuliwa na moyo. Alilazwa mara mbili, na binti yake, ambaye ni muuguzi, alimhudumia bila kuchoka. Hata kitandani alikuwa anauliza nani amemwagilia. Alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, usingizini.

Karatasi yenu inasema, "Ameacha kitalu kinachostawi, kilichopandwa pamoja na watoto wa mtaa." Hiyo ndiyo sentensi. Naomba mwenye kalamu aifute.

Jana asubuhi nilisimamia usafi wa uwanja wa nyumba hii. Kazi yangu ni kusimamia ujenzi. Nikiona eneo lina vitu, naviondoa kwanza, nauliza baadaye. Nilikuta ukutani safu ya makopo ya maziwa na ya rangi, yana kutu, mengine yana udongo mtupu, mengine yana vijani viwili viwili. Nikasema hayo ni magugu. Mtu wa umri wangu, ndugu zangu, nikasema ni magugu. Vile vitambaa niliviona, nikadhani ni matambara ya cherehani. Nikaamuru udongo umwagwe kwenye lundo lililochimbwa kaburini, hapa hapa nyumbani, na makopo yapondwe, yapelekwe kwa watu wa vyuma chakavu. Turubai likapata nafasi nzuri sana. Nikajipongeza.

Mchana watoto wakaja na chupa zao. Walikuwa wameshaambiwa kwamba Bibi hayupo, walikuja kumwagilia. Wakasimama getini wakitazama viti. Kuna mmoja, msichana anayeitwa Chiriku kwa sababu hanyamazi, akaniuliza, "Babu, makopo yetu mmeyahamishia wapi?"

Nikamwambia, "Tumefanya usafi, mjukuu wangu."

"Langu lina kitambaa cha pazia. Lilikuwa limeshaota."

Aliye mdogo kuliko wote akaanza kuinama chini ya viti, kimoja baada ya kingine, akitafuta. Sikuweza kumzuia wala kumwangalia. Binti wa marehemu alipojua, aliniambia tu, "Mjomba, nenda ukapumzike, umechoka." Angenifokea ningejua pa kuuweka uso wangu. Alitaka mtu mwingine asome hapa leo. Nilikataa, kwa sababu aibu hii siwezi kumtwika mtu mwingine.

Leo asubuhi nilimkuta Chiriku na wenzake kwenye lundo. Udongo wa kaburi ni mwekundu, na ule wa dada ni mweusi, aliuchekecha mwenyewe. Walikuwa wanautenganisha kwa vidole. Nikapiga magoti nikaanza kuchota nao, ndiyo maana mnaniona nimeshika karatasi nikiwa na kucha za namna hii. Miche ilikuwa imekufa. Lakini kulikuwa na mbegu ambazo hazijaamka. Chiriku akaniambia, "Hizi mkizifukia chini hazitatoka. Bibi alisema mbegu haitaki kwenda mbali."

Nikamuuliza, "Sasa tufanyeje?"

"Udongo wetu uwe wa mwisho, juu kabisa."

Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza.

Kwa hiyo ninyi mtakaoshika majembe, pembeni kuna gunia la udongo mweusi. Msiliguse. Mkimaliza mwekundu, mwondoke, watoto watamwaga wenyewe. Tafadhali asiupigepige mtu kwa jembe. Na mashada ya maua, ambayo tunawashukuru sana, tutayaegemeza ukutani.

Marehemu ameacha binti mmoja, wajukuu watatu, wadogo zake wawili wa kike, mimi, na watoto hawa waliokaa mstari wa mbele na chupa za maji miguuni, ambao kwenye karatasi sikuwaandika.

Nimeomba nibaki katika nyumba hii mwezi mzima ili nimwagilie mbegu hizo juu ya kaburi. Zikiota, nitakwenda getini kuwangoja wenyewe. Zisipoota, wanajua ni nani aliyefanya, na nitakuwepo waniangalie.

Pumzika kwa amani, dada. Tutapita pembeni.